Mayai ya Chatu Kwenye Beseni la Mama

Nikienda sokoni Tarime kununua pumba za kuku, likifunguliwa gunia lililolowa naziba pua. Ndiyo harufu ya jikoni kwetu Machochwe nilipokuwa mtoto.

Baba alifukua mayai ya chatu kwenye kichuguu shambani, akayafukia katika pumba zenye majimaji ndani ya beseni la mama, karibu na mafiga. Alitaka awe wa kwanza kijijini kufuga chatu. Mayai yalikuwa laini kama ngozi, yamegandamana, yananata. Kila asubuhi aliyabandua, akayageuza, akajifuta kiganja kwenye suruali, kisha akanimegea kiporo cha ugali.

"Baba watoto, hilo ni beseni la unga!" mama alilalamika.

"Yai ni yai," baba alijibu. "Usipoligeuza, kifaranga anagandia upande mmoja."

Kwa kuku, sawa. Yai la chatu ukiligeuza, nyoka anafia humo humo. Yalibonyea, yakaota ukungu wa kijani, funza wakaingia. Baba akapasua moja kwa kidole. Ukamwagika ute mweusi, na ndani yake nyoka mchanga aliyekufa, amejikunja, macho yamevimba.

Nilitapika palepale mlangoni. Baba akajifuta kwenye suruali, akaninyooshea tonge.

"Kula, utulize tumbo."