Ndoo Nzima, Matango Magonjwa

Mwezi uliopita Makambako, kwenye duka la pembejeo, mama mmoja aliweka mezani jani la tango, la njano kama limechemshwa.

"Kaka, matango yangu yanafia kwenye ndoo!"

Muuzaji akaligeuza jani. "Ndoo umeitoboa chini, mama?"

Mama akashika kiuno. "Nitoboe ndoo ya pombe ya ulanzi? Wakwe wakija watanywa nini?"

"Basi mizizi inaoza kwa maji. Chagua: wakwe au kachumbari."

Wateja tulicheka, na mimi, bingwa wa matango mtaa mzima wa Mjimwema, nilicheka kuliko wote. Sikusema kwamba ndoo zangu tatu, nilizochukua kwa mke wangu, nazo hazikuwa na tundu. Nilikimbilia nyumbani, nikachoma msumari motoni, nikatoboa zote. Leo matango yamefika dirishani. Mke wangu akiulizia ndoo zake, namjibu kwa kachumbari.