Mama Pia na Mkia Mzito

Kazini walimwita Mama Pia, maana kazi yake ilikuwa kuzungusha. Alikuwa seremala wa kuchonga vindege vya mbao, mifano ya ndege za kivita, kila kimoja cha kupakatwa kama mtoto mchanga. Akishachonga, husimama kwenye dirisha la mnara ambamo feni kubwa huvuta upepo kutoka chini kwenda juu, akakirusha ndani kwa mkono kikizunguka. Upepo hukibeba, kikabaki palepale hewani kama pia, huku wahandisi wakitazama iwapo usukani wa mkiani utakizuia kuzunguka. Kisha feni hupunguzwa, kikaangukia wavuni.

"Mke wangu analipwa kwa kutupa vitu," mumewe aliwaambia wageni. "Nyumbani anatupa bure."

Mwaka mmoja ikaja zamu ya kindege cha ndege mpya. Wiki nzima kilitii: usukani ukigeuka, kinatulia na kuinamisha pua. Jumatatu kikagoma. Kilizunguka kimelala bapa kama sahani; usukani kulia, usukani kushoto, wapi! Wahandisi wawili wakanuniana, kila mmoja akilaumu hesabu za mwenzake.

Mama Pia aliacha chakula cha mchana nusu, jambo lililomtisha hata mpishi: alikuwa amekumbuka. Ijumaa iliyopita kindege kilikuwa kimegonga ukuta, mkia ukapasuka. Naye, mbio mbio kuwahi harusi ya wifi yake, aliujaza gundi, akaupaka rangi, asikipime uzito tena.

Akakipeleka kwenye mizani. Uzito ulikuwa umezidi. Akamfuata mhandisi mkuu, mzee asiyecheka hata akitekenywa.

"Mzee, wasigombane bure. Aliyeharibu ni mimi. Nimeunenepesha mkia."

"Kwa gramu ngapi?"

"Kumi na moja."

Mzee akaandika, akapiga hesabu.

"Unajua hiyo ni nini kwenye ndege yenyewe? Ni tangi la nyuma kujaa mafuta, la mbele likiwa tupu. Hilo hatukulijaribu. Rubani angekuja kutuuliza akhera!"

Akacheka. Mzee yule, akacheka!

Walirudia jaribio mara kumi na mbili, kwa gundi na bila gundi, na onyo jipya kwa marubani likaingia kwenye ripoti. Mama Pia akapewa barua: aya ya kwanza karipio, ya pili pongezi. Ipo sebuleni kwake, ndani ya fremu, aya ya kwanza ameikunjia nyuma.