Kidole cha Ezra Tidbury

Nyumba ya Ezra Tidbury ilikuwa ya mawe, na dohani yake haikurudisha moshi ndani. Aliipata kwa sababu ya kidole kimoja.

Kiangazi cha mwaka 1784, Bwana Pelling, mwenye ardhi yote ya kijiji chetu huku Hampshire, alimwona akirusha mpira wa kriketi kwenye malisho ya wote. Ezra aliuzungusha kwa kidole cha shahada, nao ukidunda unageuka njia. Juma lile lile akaacha kupura ngano, akapewa nyumba ile na kuitwa mtunza bustani. Kwa kweli kazi yake ilikuwa kuwatoa mchezoni wapigaji wa mabwana jirani kila mwaka, nyasi zikishakatwa na mavuno hayajaanza.

"Usinipe shoka, mke wangu," alimtania Hester. "Mkono huu ni mali ya bwana."

"Basi bwana aje anipasulie kuni."

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Februari, baba yake Ezra, mzee Amos, aliugua kifua kabla hajamaliza kusuka matawi ya ua wa miiba wa shamba moja. Kama majani yangechipua kabla ua haujafungwa, kazi ingepewa mwingine. Ezra akamsaidia kwa siri Jumapili tatu. Ya tatu, mwiba mweusi ukamwingia kwenye kiungo cha kidole kile.

"Ungevaa glavu zangu," Amos alisema.

"Zako zimetoboka, baba."

 Vidole viwili vya mzee mwenyewe havikuwa vikikunjika tangu ujana.

Hester alikikanda kidole cha Ezra kwa mafuta ya bata bukini kila asubuhi. Kikabaki kimenyooka.

Siku ya mchezo mpira ulikwenda moja kwa moja kama ng'ombe ajuaye zizi lake. Wapigaji waliupiga watakavyo.

"Pelling, huyu mtu wako anapanda viazi?" bwana mmoja aliuliza chini ya hema, wenzake wakacheka.

Jioni Bwana Pelling akamwita.

"Kikunje."

"Hakikunjiki, bwana. Nilikuwa nasuka ua wa baba."

"Wasuka ua ninao kumi, Tidbury. Kidole nilikuwa nacho kimoja."

Kabla ya mavuno mkokoteni ukaleta mrushaji mwingine, na kitanda chake. Hester alikuwa anang'oa vitunguu. Msimamizi wa Bwana Pelling akamwambia aviache, bustani ni ya bwana. Hester akavirudisha udongoni kimoja kimoja.

Yule mgeni alisimama mlangoni, akiona haya.

"Samahani, kaka. Dohani hairudishi moshi?"

"Hairudishi," Ezra alijibu, akainua chungu chao, akatoka.