Ripoti Kwenye Rafu ya Nyuki

Ablavi Dogbatse aliingia katika maktaba ya chuo chetu mjini Ho akiwa na ndoo na kitambaa. Hakuajiriwa kwa ajili ya vitabu, aliajiriwa kwa ajili ya vumbi. Majira ya harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, vumbi hupita hata kwenye tundu la ufunguo, na alihitajika mtu wa kulifuta rafu kwa rafu kila asubuhi. Shule alikuwa ameiacha kidato cha pili, baba yake alipofariki. Kila kitabu alichokifuta alikifungua ili akung'ute vumbi la ndani, na kila alichokifungua alisoma mistari miwili mitatu kabla ya kukirudisha.

Baada ya miaka minne mkutubi mkuu, Bwana Adzraku, aligundua kwamba wanafunzi waliopotea kwenye kadi za katalogi hawakuwa wakienda kwake. Walikuwa wakienda kwa mfagiaji. Bwana Adzraku alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. Alimnyang'anya ndoo akampa meza, na cheo cha mhudumu wa maktaba, ambacho kwenye orodha ya watumishi kilikuwa cha chini kuliko vyote isipokuwa kile cha ndoo.

Sisi tuliosoma pale tulikuwa makarani wa wilaya, watu wazima wenye wake na waume, tuliopewa ruhusa ya miaka miwili kusomea diploma ya utawala wa umma na sera. Mwalimu alitupa swali, tuseme, kwa nini wilaya hupangiwa maji kila mwaka na mabomba hayafiki, kisha akafunga faili lake na kusema, "Nendeni maktaba." Katalogi ilikupa jina la kitabu na la mwandishi. Kuhusu mabomba haikusema neno. Daavi Ablavi, yaani dada mkubwa, maana ndivyo tulivyomwita wote hata waliomzidi umri, alikuwa na daftari la jalada jeusi. Humo aliandika si majina ya vitabu bali maswali ya watu. Mabomba yasiyofika: ripoti ya kijani, rafu ya tatu, ukurasa wa arobaini na moja, kisha taarifa ya bajeti ya mwaka unaofuata, ulinganishe. Diwani anayegombana na mkurugenzi: gazeti la serikali la Machi, na tasnifu ya yule bwana wa Kpando, sura ya nne tu, nyingine ni maji matupu.

"Daavi, hivi vitabu ukiviita vinaitika?" tulimtania.

"Vinaitika. Wewe ndiye nikikuita unajificha nyuma ya gazeti. Lete fomu."

Fomu ilikuwa dini yake. Hati za serikali hazikutoka chumba cha kusomea. Zilikaa kwenye rafu nyuma ya meza yake, nakala moja moja, na kuipata ilibidi ujaze fomu yenye namba ya kitambulisho chako. Ukirudisha, anaichana fomu mbele yako. "Umeona? Sasa hunidai wala sikudai," angesema.

Mwaka wangu wa mwisho, jina lake lilipelekwa juu ili awe msaidizi wa maktaba. Bwana Adzraku ndiye aliyempendekeza. Kilichobaki kilikuwa ukaguzi wa vitabu. Rafu yake ikikutwa imekamilika, barua inatoka. Alikuwa amemwambia kila mtu, hata muuza maharage na unga wa muhogo wa langoni, ambaye tayari alikuwa akimwita "Madam Msaidizi" na kumwongezea ndizi za kukaanga.

Sasa niseme habari yangu, na nitaisema bila kuipamba.

Insha ya mwisho ilikuwa juu ya madaraka ya mabaraza ya wilaya. Kulikuwa na ripoti moja ya tume, nakala moja, na asiyeisoma hakuwa na la kuandika. Mimi na Delali Hotor tulikuwa tukishindania nafasi ya kwanza. Pale chuoni kulikuwa na mchezo tuliouita kuzika. Unachukua kitabu kinachohitajiwa na wote, unakizika kwenye rafu ambayo hakuna anayeigusa, kesho unakuja kukifukua peke yako. Wote tulijua. Wengi walifanya. Tulikuwa darasani asubuhi tukijifunza kwamba mali ya umma si ya mtu, na mchana tukizika.

Ijumaa moja nilimwendea Daavi bila kitambulisho. Nilikuwa nimekisahau bwenini, hilo lilikuwa kweli.

"Hakuna namba, hakuna ripoti," alisema.

"Daavi, nakuomba. Nusu saa tu. Niende bwenini na jua hili?"

"Jua halikuanza leo, Yao Kportufe." Lakini alikuwa amevaa kitambaa cheusi na chekundu tayari. Shangazi yake alikuwa anazikwa kesho yake huko Tsito, na gari la ukoo lilikuwa likimngoja langoni. Aliniangalia, akatoa ripoti. "Fomu utaandika Jumatatu. Ukimaliza uiweke mezani pangu. Nakuamini."

Aliondoka. Nilisoma hadi kengele. Kisha nikaenda mwisho wa chumba, kwenye vitabu vya ufugaji wa nyuki, nikaizika nyuma yao. Hakuna karani wa wilaya aliyewahi kuuliza habari za nyuki.

Jumatatu wakaguzi waliingia bila taarifa na milango ikafungwa kwa wanafunzi siku tatu. Nilizunguka lile jengo kama mbuzi aliyefungiwa nje. Siku ya pili Daavi alinikuta chini ya ngazi. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa chini kabisa.

"Yao, nakuomba unikumbushe. Ile ripoti Ijumaa uliirudisha?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Pangenigharimu aibu ya siku moja, na pengine adhabu ya chuo. Nilijibu, "Niliiacha mezani pako, Daavi. Kama ulivyosema."

"Mezani." Alitikisa kichwa. "Basi ni mimi. Nilipaswa kufunga meza kabla ya kwenda msibani."

Alhamisi milango ilifunguliwa, na yeye alikuwa ameitwa ofisini kuhojiwa. Meza ilikuwa tupu. Nikaifukua ripoti kutoka kwa nyuki, nikapita nyuma ya meza yake, nikairudisha kwenye nafasi yake kamili. Nilitoka nikiwa mwepesi. Nilijiambia nimerekebisha, kitabu kimerudi, basi kesi imekwisha.

Sikufikiri kama mtawala, ingawa nilikuwa nikisomea utawala. Wakaguzi walifikiri. Ripoti haikuwepo Jumatatu. Mtumishi amehojiwa Alhamisi, na Alhamisi hiyohiyo ripoti imerudi mahali pake. Nani hupita nyuma ya meza ile? Waliandika kwamba mhudumu Dogbatse alichukua hati ya serikali nyumbani kwake, na alipobanwa akairudisha kwa siri. Kama ingebaki imepotea, angeitwa mzembe. Kuirudisha kwangu ndiko kulikomfanya mwizi. Bwana Adzraku alimtetea asifukuzwe. Cheo cha msaidizi kilifutwa, na karatasi ile ikawekwa katika faili lake.

Nilipata alama ya kwanza. Delali alipewa insha yake aiandike upya.

Miaka ishirini na tatu ikapita. Nilipanda hadi kuwa mkuu wa utumishi wa wilaya, na mwenyekiti wa kamati ya maadili. Nilisifiwa kwa ukali. Niliwahi kumwachisha kazi karani kwa rimu mbili za karatasi alizopeleka kwa watoto wake, na nilimhutubia kabla ya kumpa barua. Mtu anayeficha uozo wake huwa mkali sana kwa harufu ya wenzake. Nayasema haya kwa sababu nayajua.

Mwaka jana chuo kilinialika nizungumze na wanafunzi wapya juu ya uadilifu. Walinipitisha maktaba. Kadi za katalogi zilikuwa zimeondolewa, kompyuta zimewekwa, na mbele ya kompyuta hizo vijana walikuwa wamepanga foleni kwenye meza ileile ya Daavi. Mwenyewe alikuwa ameketi hapo, nywele nyeupe. Kifuani kibandiko kilisema: Mhudumu.

"Yao!" Aliinuka. "Njooni, njooni mumwone huyu. Huyu alikaa hapa akisoma hadi kengele. Leo ni mkubwa wa wilaya. Nani amempa ripoti zake? Mimi."

"Na mbona wewe hukuwa mkubwa, Daavi?" msichana mmoja alimchokoza.

Walicheka, naye akacheka pamoja nao. "Nilikaribia. Nilikuwa na uzembe wangu mmoja, niliacha hati mezani nikaenda msibani. Tangu siku hiyo hakuna asiyejaza fomu kwangu, hata askofu. Nawe usinipotezee muda, namba yako ngapi?"

Nilizungumza juu ya uadilifu dakika arobaini. Walipiga makofi. Sikumbuki nilisema nini.

Juma lililofuata nilifanya kama wanavyofanya watu wetu. Mtu aliyekosa haendi peke yake kuomba radhi. Nilimchukua binamu yangu mkubwa, Efo Senanu, efo yaani kaka, ajuaye kusema, na chupa ya kinywaji ndani ya mfuko, tukaenda nyumbani kwa Daavi baada ya ibada. Alitupa viti, akatuletea maji. Tulimwagia ardhi kidogo kwa ajili ya wazee waliotangulia, tukanywa.

"Hapa kwetu ni salama," alisema, kama mwenyeji anavyowauliza wageni shida yao. "Ninyi ndio wenye safari."

Efo Senanu alikohoa, akaanza kwa mbali, kama ilivyo desturi. Alisema juu ya ujana, na jinsi kijana anavyokuwa na macho bila kuona. Alisema mdogo wake amebeba mzigo. Daavi alikuwa akikoroga akple, ugali wetu, jikoni palepale uani, akawa anamsikiliza kwa sikio moja. Mwishowe akasema, "Efo, akple yangu inaungua. Mwache mwenye mzigo autue mwenyewe."

Nikautua. Nilitaja rafu ya nyuki, nikataja uongo wa chini ya ngazi, na Alhamisi.

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Aliondoa sufuria motoni.

"Kwa hiyo sikuiacha mezani."

"Hapana, Daavi."

"Miaka yote hii najiambia nina kichwa kibovu. Nikitoka nyumbani narudi mara mbili kutazama mlango. Watoto wangu wananicheka." Aliufuta mwiko kwa kidole. "Na ulisema niliiacha, huku unanitazama usoni."

Efo Senanu alitoa chupa. "Dada yetu, tumekosa. Tunapiga magoti. Pokea hiki, jambo liishie hapa uani."

"Efo, nakuheshimu. Rudisha chupa yako mfukoni." Kisha akanigeukia. "Yao, uliniharibia wapi?"

Sikuelewa.

"Uliniharibia hapa uani? Hapa hakuna aliyewahi kuniita mwizi. Jina langu liko kwenye faili, na faili liko ofisini. Wewe umesomea mambo hayo, mimi nilikuwa nafuta vumbi tu. Kilichoandikwa kinafutwa na nini?"

"Na maandishi," nilisema.

"Basi unakunywa maji yangu ya nini? Kaandike. Nina miezi mitatu nistaafu."

Efo alijaribu. "Dada, akiandika watamvua uenyekiti. Watu watamcheka hadi sokoni."

"Mimi walinicheka nikiwa na ndoo, wakanicheka nikiwa na meza. Hawakuniua."

Tulitoka na chupa yetu. Njiani Efo alinishauri nisubiri miezi mitatu ipite, mama wa watu atastaafu, hasira itapoa. Naandika hapa, kwa aibu, kwamba nilisubiri siku kumi na moja. Kila asubuhi nilipata sababu. Mtu wa maadili!

Siku ya kumi na mbili niliandika barua, ukurasa mmoja, bila neno "ujana" ndani yake. Nakala moja niliipeleka chuoni, moja kwa mwajiri wangu, moja kwa Delali Hotor. Niliipeleka ya chuo kwa mkono wangu, nikapita maktaba kwanza. Aliisoma akiwa amesimama, polepole, kama alivyosoma vitabu alipokuwa akivikung'uta. Kisha akavuta kitita cha fomu.

"Hii hukuijaza," alisema. "Nilisema Jumatatu."

Nilijaza jina la ripoti, tarehe ya Ijumaa ile, na namba ya kitambulisho cha zamani, ambayo sijaisahau. Wanafunzi kwenye foleni walikuwa wakinitazama. Nilitegemea aichane, kama alivyozoea. Aliikunja, akaiweka ndani ya daftari jeusi.

"Hii nitakaa nayo," alisema.

Uenyekiti walinivua, na walifanya vyema. Karani wa rimu mbili nilimtafuta, nikaambiwa amehamia Aflao. Bado sijamwona. Chuo nacho kilichukua muda wake, kamati ikamngoja katibu, katibu akangoja sahihi. Barua ya kumsafisha Ablavi Dogbatse na kumpa cheo chake ilimfikia siku kumi na tisa kabla ya kustaafu.

Siku kumi na tisa alivaa kibandiko kilichoandikwa Msaidizi wa Maktaba. Muuza maharage wa langoni, binti wa yule wa kwanza, alimwongezea ndizi. Nilipita siku ya mwisho nikasimama mwisho wa foleni, na zamu yangu ilipofika hakuniita Yao. Aliuliza tu, kama anavyouliza kila mtu, "Namba yako?"

Nikaitaja.