Laini Iko kwa Jina Langu

Wataalamu wa serikali na wa kampuni za simu walikuja Bwera kutueleza sera ya usiri wa mitandao. Nikasimama, mtoto mgongoni, nikauliza mbiombio kabla woga haujanikalisha: "Mukubwa, laini ya bwana yangu niliiandikisha na kitambulisho changu, chake kilipotea. Sasa meseji za ule mwanamuke wa Kinyamaseke ni siri ya nani? Naogopa ataniacha na huyu mutoto!"

Wa serikali akasema, "Ya mwenye laini." Wa kampuni akatikisa kichwa: "Ya mwenye kutumia simu." Wakatazamana.

Mama mmoja nyuma akacheka: "Mupatane kwanza! Wivu haingoji sera."

Nyumbani nilimwambia mume wangu jibu la kwanza tu. Tangu siku hiyo anaoga na simu.