Tuta la Nyumbani la Mwanamkuu

Katika bonde la Janga, kila anayelima chainizi ya sokoni huacha tuta moja asilolipulizia dawa. Hilo ni la nyumbani. Hakuna anayeeleza kwa nini, wala hakuna anayeuliza. La Mwanamkuu lilikuwa jirani na kisima, na ndilo lililowalisha wajukuu wake.

Zamani, mumewe angali hai, kifuniko kimoja cha dawa kilitosha. Viwavi walidondoka kabla bomba halijateremshwa mgongoni. Siku hizi wanaoga tu, kisha wanaendelea kula. Na nondo wao wa kijivu, hata ukucha hawafiki, wanaruka ukipita, wanatua nyuma yako na kutaga tena.

Jirani yake Magembe, aliyekuja na ng'ombe kutoka Usukumani akaishia kwenye mboga, alikuwa na jibu moja tu: ongeza. Akaongeza kipimo. Akachanganya chupa mbili, akatia na sabuni ya unga ili dawa ishike majani. Evaline, bibi shamba wa kata, akazisoma chupa na kumwambia majina ni mawili lakini sumu ni ile ile. Kila akipulizia wanakufa wanyonge, wanabaki sugu, na sugu ndio wanaozaa. Abadilishe aina ya dawa, na awaache manyigu wanaowinda viwavi. Magembe akaitikia ndiyo, ndiyo. Jioni akajaza bomba vile vile.

Shamsia, mchuuzi wa Mkuza, alipoikataa chainizi yake kwa kutobokatoboka kama chekeche, Magembe akapata mchawi: viwavi wote wanazaliwa kwa Mwanamkuu, kwenye tuta lisilopuliziwa. Akasema kisimani, akasema dukani, akasema hata msibani. Mwanamkuu akachoka kujibu. Si alimwonyesha tuta lenyewe, matundu mawili matatu, manyigu wakizunguka? Nani anafuga viwavi wakale kwa jirani?

Akaenda Kisarawe kwenye hitima ya dada yake. Aliporudi, harufu ya dawa ilimpokea njiani. Magembe alikuwa amemsaidia.

Asubuhi manyigu walikuwa chini, wamekufa. Viwavi walikuwa juu ya majani, wanakula.

Mwanamkuu hakumfuata mtu kugombana. Alichuma majani ya tuta lile, akayapika kwenye sufuria mbovu, wajukuu akiwa amewatuma mbali, akamwita Magembe chakula cha mchana.

"Shikamoo, mama." Akanawa, akamega ugali. "Chainizi hii ya wapi?"

"Marahaba. Ya tuta ulilonipulizia."

Mkono ukasimama hewani. Magembe akasema kumbe alishakula nyumbani. Akasema tumbo halimkai vizuri. Mwisho akasema dawa ile haijaisha nguvu.

"Viwavi wanaila tangu alfajiri," Mwanamkuu akasema. "Wewe mwenye ng'ombe umeshindwa na kiwavi?"

Magembe akatazama mlango.

"Na lile tuta lako la nyuma ya zizi, ulilipulizia lini?"

Bonde zima lilijua halijawahi kuguswa na dawa.

"Haya. Wajukuu zangu watakula kwako mpaka langu lipone."

Akaimwaga mboga shimoni, mbali na kuku. Kesho yake, Magembe akiwa bado anakamua, Mwanamkuu alikuwa nyuma ya zizi na kikapu chake, anachagua majani mapana, wala hana haraka.