Rafu ya Vitabu Visivyoazimwa

Mkutubi wa chuo kimoja alikuwa mwanamke wa msimamo, na msimamo wenyewe ndio uliokuja kumponza. Wenzake chuoni walimwita Bi Hakitoki, na hawakumsingizia. Kila kitabu cha lugha ndogo ndogo alichokihangaikia, akikiomba kwa walimu wastaafu na kwa wajane waliokuwa wakifungia sabuni kwa kurasa zake, alikibandika kikaratasi chekundu: hakiazimwi. Anayetaka kusoma asomee pale pale, mbele ya macho yake.

Kimoja kilikuwa cha lugha ya mama yake, hadithi zilizochapwa na misheni iliyofungwa zamani. Nakala nyingine hakuwahi kuiona. Mama, ambaye macho yake yalishaingia giza, hakuchoka kukiomba.

"Niletee, mwanangu. Unisomee hata siku moja tu."

"Mama, nikikitoa mimi, nitamzuia nani?"

"Haya, bibi serikali." Mama alicheka, kisha akanuna mpaka kesho yake.

Mama alipoanguka, mkutubi aliomba likizo amuuguze. Huku nyuma mkurugenzi mpya wa maktaba alitaka nafasi ya kompyuta. Akaamuru kila kitabu ambacho hakijapigwa muhuri wa kuazimwa kwa miaka kumi kiondolewe, maana hakina msomaji. Wahudumu wakafunua majalada, wakatazama karatasi za mihuri. Za Bi Hakitoki zilikuwa nyeupe pee. Zingepata wapi muhuri, na mwenyewe kavifungia vitabu? Vikatiwa kwenye magunia, vikaenda kiwandani kusagwa viwe trei za mayai.

Aliporudi kazini alikuta ukuta mtupu na nyaya zinaning'inia.

"Mihuri haikuwepo, mama," mkurugenzi alimwambia, tena kwa upole. "Tungejuaje kama vinasomwa?"

Angetukanwa ingekuwa nafuu. Hakuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lililomkata maini.

Jioni alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama.

"Leo umekileta?"

Mama hakuweza kuiona mikono yake mitupu. Mkutubi akajikaza, akaanza kusema kwa kichwa ukurasa wa kwanza, ule aliozoea kuupitia kila alipokifuta kitabu vumbi. Kurasa nyingine alijiwekea atazisoma akistaafu. Mama alitabasamu, akawa anaitikia kila sentensi kwa lugha yao, sauti imemrudi kama ya msichana. Ukurasa ukaisha.

"Endelea, mwanangu," mama alisema. "Funua wa pili."